Kompyuta ya gemu ya zamani kwenye skrini ya 1440p na 4K: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mwenye kompyuta ya mezani iliyoundwa kati ya 2014 na 2019 hivi: prosesa ya Intel Core i5 au i7 ya kizazi cha nne hadi cha tisa, au Ryzen za mwanzo za AMD, pamoja na kadi ya grafiki (inayochora picha) kama GTX 970, GTX 1060 au RX 580. Amenunua monita kubwa, au bado anaipigia hesabu, na anataka gemu zitiririke bila kukwamakwama. Wenye laptopu watafaidika na sehemu chache tu, maana kwenye laptopu nyingi kadi na prosesa vimechomelewa kwenye bodi na havibadilishwi.

Gemu zinakwenda vizuri kwenye 1080p. Mbona nikipandisha rezolusheni mashine inachoka?

Ni hesabu ya nukta. Skrini ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni 2.07. Ya 1440p ina 2560 kwa 1440, milioni 3.69. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, milioni 8.29, ambayo ni mara nne kamili ya 1080p. Ukitaka fremu 60 (yaani picha kamili 60) kwa sekunde, kadi ya grafiki ina milisekunde 16.7 tu za kukamilisha kila fremu, iwe na nukta milioni mbili au milioni nane. Kadi iliyokuwa ikipata fremu 70 kwenye 1080p ikishuka hadi ishirini na kitu kwenye 4K, haijaharibika. Umeibebesha mzigo mwingine kabisa.

Basi kwenye 4K prosesa haina kazi?

Ina kazi, na hapa ndipo wengi wanapopotezwa na video za mtandaoni. Kazi ya prosesa haitegemei rezolusheni. Yenyewe inapanga wahusika wako wapi, gari linagongaje ukuta, sauti itoke lini, halafu inaiandikia kadi maagizo ya kuchora. Kama i5-6500 yako inaweza kuandaa fremu 55 kwa sekunde katikati ya mji wenye watu wengi, basi ni 55 kwenye 720p na haitazidi 55 kwenye 4K, hata uchomeke kadi ya bei ya kiwanja.

Kwenye 4K kadi ya zamani hushindwa kabla ya kufika kwenye dari hilo, ndiyo maana udhaifu wa prosesa hujificha. Unajitokeza kwa njia nyingine: kugandaganda. Wastani unaweza kusoma 60 huku kila baada ya sekunde chache fremu moja ikichukua milisekunde 50 au zaidi. Jicho haliuoni wastani, linaona ule mgando. Kwa hiyo ukisoma majaribio ya kadi yoyote, angalia tarakimu za asilimia 1 ya fremu za chini kabisa kabla ya wastani. Prosesa zenye koa nne (vitengo vya kufanyia kazi) bila nyuzi za ziada (foleni ya pili ya kazi kwenye kila koa), kama i5-6500 na i5-7400, ndizo zinazoumia zaidi. Gemu mpya inajaza nyuzi zote nne, na Windows, Discord na kivinjari ulichosahau kukifunga vinabaki kupanga foleni.

Nitajuaje kinachobana kwenye mashine yangu ni kipi?

Pima kabla ya kutoa hela. Pakua MSI Afterburner; ni ya bure, na inafanya kazi hata kama kadi yako si ya MSI. Iwekee ionyeshe pembeni mwa skrini fremu kwa sekunde, matumizi ya kadi, matumizi ya kila uzi wa prosesa, memori ya kadi, RAM na joto. Kisha cheza gemu unayoijali, sehemu yake nzito kuliko zote, kwa nusu saa hivi. Menyu na uwanja mtupu havikuambii kitu.

Matumizi ya kadi yakikaa kwenye asilimia 95 hadi 99 muda wote, kadi ndiyo kikomo. Yakishuka hadi 60 au 70 huku fremu zikiwa chache, tazama prosesa na memori. Usidanganyike na matumizi ya jumla ya prosesa: yenye nyuzi nane inaweza kuonyesha asilimia 45 kwa jumla huku uzi mmoja umefika 100 na wenzake wote wanausubiri.

Jaribio la pili ni rahisi zaidi, na ninalipenda kuliko yote. Acha mipangilio mingine kama ilivyo, shusha rezolusheni hadi 1280 kwa 720, urudie sehemu ileile. Fremu zikiruka juu sana, kadi ilikuwa inabana. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo imefika mwisho. Na ile tarakimu unayoipata kwenye 720p ndiyo takriban dari lako siku utakapoweka kadi mpya. Ukipata 140, nunua kadi kwa amani. Ukipata 50, kadi peke yake haitakuokoa.

Ukiwa hapohapo, hakikisha mambo ya aibu hayapo. Waya wa monita uwe umechomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi, yaani bodi kuu. Monita ya 144Hz (inayojichora upya mara 144 kwa sekunde) isiwe imeachwa kwenye 60Hz ndani ya Windows. Prosesa isiwe inafika nyuzi joto 95 na kujipunguzia kasi. Mafundi wengi watakuambia wameshapokea kompyuta iliyoletwa "kubadilishwa kadi" na dawa yake ilikuwa kupuliza vumbi na kupaka pesti mpya ya joto.

Nichague 1440p au 4K?

Kwa mashine ya zamani, 1440p. Sisiti kabisa kusema hivyo kwa mtu anayekaa mezani mbele ya monita ya inchi 27. Hapo 1440p inatoa nukta 109 kwa kila inchi, wakati monita ya kawaida ya inchi 24 ya 1080p ina 92. Tofauti utaiona siku ya kwanza, na mzigo kwa kadi hauongezeki hata mara mbili. 4K kwenye inchi hizohizo 27 ni nukta 163. Maandishi yanapendeza sana, lakini kwenye gemu inayokwenda mbio faida unayoiona ni ndogo kuliko gharama.

4K ina mantiki ukiwa unachezea kwenye televisheni kubwa sebuleni, au ukiwa na kazi nyingine ya kuhariri picha na video. Ina siri yake nzuri pia: 1080p inaingia ndani ya 4K kwa hesabu kamili, nukta moja kuwa nne. Ukipata gemu nzito mno, unaweza kuishusha hadi 1080p na picha isivurugike sana. Ukishusha skrini ya 1440p kwenda 1080p, hesabu haigawanyiki vizuri na picha inakuwa na ukungu.

Kadi gani inafaa?

Nitataja zinazopatikana kirahisi sokoni, mpya na mtumba.

Kwa 1440p ya mipangilio ya kati hadi juu: RTX 3060 Ti yenye 8GB, RX 6700 XT yenye 12GB, au RTX 4060 Ti. Kati ya hizo, RX 6700 XT ya mtumba ndiyo ninayoipendekeza zaidi kwa mwenye mashine ya zamani, kwa sababu ya hiyo 12GB na kwa sababu inatumia njia zote 16 za PCIe, ule mkondo wa data kati ya kadi na bodi. Dosari yake ni kula umeme: wati 230 kwa kadi peke yake.

Kwa 4K, anzia RTX 4070 au RX 6800 kwenda juu, na bado utategemea teknolojia za kukuza picha ninazozieleza chini. Kadi mpya za 2025 zenye 16GB, kama RX 9060 XT na RTX 5060 Ti za toleo hilo, ni nzuri sana kwa 1440p na zinajikongoja 4K.

Sasa tahadhari ya PCIe, maana hii inawauma wenye mashine za zamani peke yao. Bodi za miaka hiyo nyingi ni PCIe 3.0. Kadi za bei nafuu za sasa hupunguziwa njia: RX 6600 na RTX 4060 zina nane, RX 6500 XT ina nne tu. Kwenye bodi mpya ya PCIe 4.0 hazionyeshi shida kubwa. Kwenye 3.0, zile za njia nane hupoteza kidogo, lakini RX 6500 XT yenye 4GB inaanguka vibaya kila memori yake ikijaa. Iache dukani.

Intel Arc B580, iliyotoka Desemba 2024 ikiwa na 12GB, inavutia kwa bei. Lakini inataka bodi inayokubali Resizable BAR (prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo), na draiva zake, yaani programu zinazoiendesha, zinaitwisha prosesa mzigo mkubwa, kiasi kwamba kwenye Ryzen 5 2600 na prosesa za rika lake inashindwa kuonyesha uwezo wake. Ni kadi nzuri iliyotengenezwa kwa kompyuta ya mtu mwingine.

GTX 1080 Ti yangu bado ina nguvu. Niibadilishe ya nini?

Kama gemu zako ni zilezile, usiibadilishe. Ina 11GB na bado inaheshimika. Ila jua kwamba NVIDIA imesitisha draiva za gemu kwa familia za GTX 900 na GTX 10 tangu Oktoba 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama hadi 2028. Pia gemu kama Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages zinalazimisha kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, ambavyo familia hizo hazina. Hapo suala si nguvu, gemu haifunguki.

8GB za kadi zinatosha?

Kwa 1440p zinatosha ukikubali kushusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika nyuso za vitu) ngazi moja kwenye gemu mpya. Kwa 4K, hapana. Memori ya kadi ikijaa, data huanza kusafiri kwenda kwenye RAM ya kompyuta kupitia PCIe, na kwenye bodi ya zamani njia hiyo ni nyembamba. Utaona fremu 60, 60, 60, kisha 9, kisha 60.

Nina Ryzen ya mwanzo. Nibadilishe bodi?

Usibadilishe. Una bahati kuliko wengine wote wanaosoma ukurasa huu. Soketi ya AM4 (pale prosesa inapokaa kwenye bodi) ndiyo iliyozibeba Ryzen za kwanza za 2017, na AMD waliendelea kuitolea prosesa kwa miaka mingi. Bodi ya B450 iliyokuja na Ryzen 5 1600 au 2600 inaweza kubeba Ryzen 5 5600, yenye koa sita na wati 65, ukishasasisha BIOS, ile programu ya bodi inayoiwasha mashine. Tangu 2022 hata bodi nyingi za B350 na A320 zimeruhusiwa. Kwa gemu, kilele cha soketi hii ni 5800X3D ya 2022 na mdogo wake 5700X3D ya 2024. Zote zina megabaiti 96 za kashe ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa), na kashe hiyo ndiyo inayotibu kugandaganda kwenye gemu zinazokamua prosesa kama Counter-Strike 2 na zile za kuigiza urushaji wa ndege.

Kazi yenyewe ina utaratibu ambao haurukwi. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta jina la bodi yako pamoja na namba ya toleo iliyochapishwa pembeni ya bodi, kisha soma orodha ya prosesa zinazokubaliwa na BIOS inayohitajika. Sasisha BIOS wakati prosesa ya zamani bado iko ndani, kwa sababu ya kwako mpya haitawaka kwenye BIOS ya zamani. Baadhi ya bodi, zikipokea BIOS mpya, zinaacha kuzitambua prosesa za kizazi cha kwanza, kwa hiyo usitarajie kurudi nyuma kirahisi. Na usiguse BIOS siku ambayo umeme unachezacheza. Ukikatika katikati ya zoezi, bodi nyingi za bei ya chini hazifufuki bila fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu.

Na sisi wa Intel?

Hadithi yenu ni fupi na chungu kidogo. Soketi ya LGA1151 ina vizazi viwili vinavyofanana kwa jina na havielewani. Bodi za mfululizo wa 100 na 200 zinabeba kizazi cha sita na cha saba tu; za mfululizo wa 300, kama B360 na Z370, zinabeba cha nane na cha tisa tu. Mwenye i5-8400 anaweza kupanda hadi i7-8700 au, bodi ikiruhusu, i9-9900K ya mtumba. Mwenye i5-6500 anaishia i7-6700 au i7-7700: koa nne zilezile lakini nyuzi nane, na hizo nyuzi za ziada zinapunguza mgando kweli.

Wa kizazi cha nne, wenye memori ya DDR3, mnaweza kuweka i7-4790 ikiwa mmeipata kwa bei ya kutupa. Zaidi ya hapo ni kumwaga maji mchangani. Kizazi cha tatu na vya nyuma yake havina maagizo ya AVX2 (amri za hesabu ndani ya prosesa), na gemu kadhaa mpya zinayahitaji ili zifunguke.

RAM kiasi gani?

16GB, vipande viwili vinavyofanana. Kipande kimoja cha 16GB kinaipa prosesa njia moja ya memori badala ya mbili, na Ryzen hasa huumizwa na jambo hilo. Chomeka kwenye sloti ambazo kitabu cha bodi kinazitaja, kwa kawaida ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, halafu washa XMP (mpangilio wa kasi kamili ya memori) ndani ya BIOS. Bila XMP, memori ya 3200 inatembea kwa 2133 au 2400, na mwenye nayo anaweza kukaa miaka bila kujua. 32GB ni nzuri lakini si lazima. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori zimepanda sana kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo DDR4 uliyonayo itunze. Hiyo ni sababu nyingine ya kubaki AM4 badala ya kuhamia AM5, ambayo inataka DDR5 tu.

Pawa saplai yangu imeandikwa 500W. Inatosha?

Imeandikwa na nani? Sokoni kuna pawa saplai nyepesi mkononi kama boksi tupu, zenye stika ya 500W au 600W, ambazo haziwezi kutoa nusu yake kwa usalama. Soma jedwali dogo ubavuni: tafuta mstari wa volti 12. Ampea zilizoandikwa hapo zidisha kwa 12, upate wati zinazokwenda kwenye kadi na prosesa. Kukiwa na ampea 18, hizo ni wati 216, hata kama stika kubwa inasema 500.

Kwa RX 6600, inayokula wati 132, pawa saplai ya kweli ya wati 450 inatosha. Kwa RTX 3060 Ti au RX 6700 XT weka 650 ya kampuni inayojulikana, yenye cheti cha ufanisi cha 80 Plus. Kadi za RTX 30 zinajulikana kwa kuvuta umeme wa ghafla kwa milisekunde chache, juu kabisa ya kiwango kilichoandikwa. Pawa saplai dhaifu hujizima hapo, na watu huilaumu kadi.

Sloti ya PCIe inatoa wati 75, waya wa pini 6 unatoa 75, wa pini 8 unatoa 150. Vile viunganishi vinavyogeuza waya wa SATA kuwa pini 6 vimeyeyuka kwenye kompyuta nyingi. Fundi akikufungia kimoja, kifungue.

Nina Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka ofisini Ulaya. Naweza kuigeuza ya gemu?

Swali hili linatoka Kariakoo ya Dar na mtaa wa Luthuli wa Nairobi kila wiki, na jibu ni ndiyo yenye mipaka. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, na waya wake mkuu una pini 8 badala ya 24 za kawaida. Ukitaka pawa saplai ya kawaida unahitaji waya wa kugeuza, ambao upo na unafanya kazi. Bila kuibadilisha, kaa kwenye kadi zisizohitaji waya wa nyongeza, kama GTX 1650 ya wati 75. Hiyo ni kadi ya 1080p. Tena angalia umbo la kasha: yale membamba yanakubali kadi fupi za nusu kimo tu, na hewa ndani yake ni haba.

Kwa 1440p, mashine hizi zinakulazimisha ununue pawa saplai, waya wa kugeuza, kadi, na pengine kasha, huku prosesa ikibaki ya 2013. Hesabu hiyo ikikaribia bei ya Ryzen 5 5600 na bodi ya B450 ya mtumba, nenda huko.

SSD itaongeza fremu?

Haitaongeza wastani. Itaondoa ile migando ya gemu inayosoma ramani kutoka kwenye diski wakati unakimbia au unaendesha gari. Diski ngumu ya kawaida inasoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde ikiwa na bahati. SSD ya SATA inafika 550. SSD ya NVMe, inayokaa kwenye sloti ya M.2, inakwenda mara sita ya hapo na zaidi, lakini ndani ya gemu nyingi tofauti ya SATA na NVMe huioni. Kama bodi yako haina sloti ya M.2, usisikitike.

DLSS na FSR ni ujanja tu, au zinasaidia kweli?

Zinasaidia kiasi kwamba bila hizo ningemwambia kila mwenye kompyuta ya zamani asahau 4K. Kadi inachora picha ndogo, kisha inaikuza kwa kutumia data za fremu zilizopita. Kwenye 4K, ngazi ya Quality inachora 1440p na ngazi ya Performance inachora 1080p. DLSS inataka kadi ya RTX, hata ile ya zamani ya RTX 2060. FSR za matoleo ya awali zinafanya kazi karibu kila kadi, hata GTX 1060, ila picha yake inatetemeka kwenye majani na nyaya za umeme. FSR 4 ni nzuri zaidi lakini ilitoka ikiwa rasmi kwa RX 9000.

Rezolusheni kubwa inasaidia hapa: ukuzaji huo unapendeza zaidi kwenye 4K kuliko 1080p, kwa kuwa kadi ina nukta nyingi za kuanzia.

Kuzalisha fremu za kati ni jambo lingine, nami sijalipenda kwa mashine dhaifu. Fremu 30 zikigeuzwa 60 zinaonekana laini, lakini kipanya bado kinajibu kama 30, au polepole zaidi. Anza na 60 za kweli ndipo uiwashe.

Monita na waya vinahusikaje na ulaini?

Sana. HDMI 1.4, iliyo kwenye kadi za GTX 700, inaishia 4K kwa 30Hz. HDMI 2.0 inafika 60Hz. Kwa 4K ya 120Hz tumia DisplayPort 1.4 au HDMI 2.1, na waya unaolingana.

Kama hujanunua monita, tafuta yenye FreeSync. Monita ya namna hiyo inaisubiri kadi badala ya kadi kukimbizana na monita, na fremu 48 zisizotulia zinaonekana laini kuliko 55 kwenye monita ya kawaida. Kadi za NVIDIA kuanzia GTX 10 zinaikubali kupitia DisplayPort tangu Januari 2019. Kwa kila shilingi unayotoa, sijui kitu kingine kinacholeta ulaini kama hicho.

Nanunua kadi ya mtumba. Nikague nini?

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: iwashwe mbele yako. Fungua GPU-Z, programu ya kuitambua kadi. Kuna kadi zilizoandikwa upya BIOS, ndani ni GTS 450 au GTX 550 Ti na nje zinajiita GTX 1050 Ti. GPU-Z inazitambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Kwa RX 580, angalia idadi ya vichakataji vidogo: RX 580 kamili ina 2304. Ikiwa 2048, hiyo ni toleo la 2048SP, ambalo nguvu zake ni za RX 570. Si bandia, ila bei yake iwe ya RX 570.

Baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kutumia kadi Septemba 2022, kadi nyingi za wachimbaji zilimwagwa sokoni duniani kote. Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu. Mara nyingi feni ndizo zimechoka na pedi za joto zimekauka. Iendeshe FurMark (programu ya kuikamua kadi) au gemu nzito kwa dakika 20. Sikiliza feni. Tazama kama kuna nukta za rangi zinazorukaruka, ambazo ni dalili ya memori inayokufa. Skrubu zilizokwaruzwa zinakuambia kadi imefunguliwa. Muulize muuzaji kwa nini, na umsikilize anavyojibu.

Umeme wa nyumbani utahimili? Na bili je?

Mashine ya wati 350 pamoja na monita, ikicheza saa tatu, inakula takriban uniti moja. Kwenye mita ya LUKU utaiona, lakini pasi na jiko la umeme vinakuzidi. UPS (betri ya akiba) ni lazima kwa mtu wa maeneo ambako umeme unakatika, ila soma wati badala ya VA: nyingi za 650VA hutoa chini ya wati 400, na kadi nzito itaizima papo hapo. Ukipunguza kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 80 ndani ya Afterburner, unapoteza fremu chache tu, na joto la chumba linapungua sana. Mtu wa Dar au Mombasa mwezi wa pili anajua maana yake.

Windows 10 nibaki nayo?

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Intel ya kizazi cha nane au Ryzen 2000 kwenda mbele. Kama prosesa yako iko chini ya hapo na umeshaamua kubadilisha bodi, hilo litakuwa limejitatua lenyewe.

Kadi ya zamani niiuze lini?

Subiri hadi mpya imefanya kazi wiki mbili tatu bila kujizima. Ikiwa prosesa yako ni Ryzen ya AM4 isiyo na G mwishoni mwa jina, kama 5600 au 5800X3D, au Intel yenye F, haina grafiki ya ndani. Siku kadi mpya ikigoma hutakuwa na njia ya kuona hata BIOS. Wengine huiuza ya zamani na kubakiza GT 710 ya bei ya chipsi kuku kwenye droo kwa ajili ya siku hiyo.